Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaomalizika. Hesabu za fedha atazisoma mtunza hazina. Mimi niseme tu kwamba ada zinachelewa kama kawaida, na wanaodaiwa wanajijua.

Mijadala yetu ya kila mwezi hapa Upanga ilihusu hatima ya majengo ya kale, makaburi na makumbusho katika nchi zenye vita. Tulianza na Timbuktu, nchini Mali, ambako mwaka 2012 makaburi ya mawalii yalibomolewa kwa sururu. Ahmad al-Faqi al-Mahdi, aliyesimamia ubomoaji huo, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2016 kifungo cha miaka 9. Hukumu hiyo ilistahili, lakini ilikuta makaburi yamekwisha kusimama tena, kwa kuwa mafundi wa udongo wa mji huohuo, waliorithi kazi kwa baba zao, waliyajenga upya kwa msaada wa UNESCO, wakiongozwa na picha za zamani na kumbukumbu za wazee.

Tulijadili pia Makumbusho ya Taifa ya Sudan mjini Khartoum, yaliyoporwa katika vita vilivyozuka Aprili 2023. Kifaa kinapoibwa bila kuwa na picha wala namba ya usajili, hata kikionekana mnadani ng'ambo, mwenyewe hana ushahidi wa kukidai. Ndiyo maana Mkataba wa Hague wa mwaka 1954 wa kulinda mali za kitamaduni wakati wa vita, ambao Tanzania nayo imeuridhia, unazitaka nchi zijiandae wakati wa amani, na hapo ndipo watu wa kawaida kama sisi tunapopata kazi ya kufanya.

Kwa sababu hiyo kamati ndogo ilianza kupiga picha makaburi ya kale ya Kunduchi. Kila kaburi lilipigwa pande zote, kijiti cha vipimo kikiwa kimesimamishwa kando ya nguzo, na mashimo yaliyobaki pale bakuli za Kichina zilizopachikwa kama pambo zilipong'olewa yakapigwa moja moja kwa karibu. Mwanachama mmoja aliuliza, tena kwa haki, vita viko wapi Kunduchi. Nilimjibu kwamba Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji ambako mapigano yalianza mwaka 2017, iko ng'ambo tu ya Mto Ruvuma, na kwamba Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliwekwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini kuanzia mwaka 2004 hadi 2014 bila risasi kulia. Bahari na uchakavu vilitosha.

Picha zote kwa sasa ziko katika kompyuta moja ya katibu, jambo lisilokubalika kwa chama kinachohubiri tahadhari. Naomba mkutano huu uidhinishe ununuzi wa diski mbili, moja ihifadhiwe nje ya Dar es Salaam, pamoja na nauli ya kamati kwenda Mikindani kabla ya masika.