Watoto wakienda Bunkeya, waandaliwe kwanza

Bwana Mhariri,

Likizo ya Noeli inakaribia, na hapa Lubumbashi shule kadhaa zimeanza kuchangisha pesa za basi la kwenda Bunkeya, kwenye ikulu ya Mwami Msiri, mfalme wa Bayeke wa karne ya kumi na tisa. Nafurahi sana. Ila nina ombi kwa walimu wenzangu.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu alikwenda na darasa lake. Basi lilikwama kwenye tope baada ya kupita Likasi, wakafika jua linazama, na hakuna aliyekuwa ametuma habari kwa wazee wa mwami. Wakageuza. Nilipomwuliza ameona nini, alinijibu, "Mjomba, tulienda kuona ikulu, tukaona majani."

Jibu lile lilinichoma. Kumbe hakuna aliyemwambia kwamba ikulu ya Msiri haikuwa ya mawe. Ilikuwa ya miti, udongo na nyasi, na Kapteni Bodson, wa msafara wa Stairs uliotumwa na Leopold, mfalme wa Ubelgiji, alipompiga mwami risasi tarehe 20 Desemba 1891, watu wengi walitawanyika. Anayetafuta kuta hataona kitu. Kilichobaki ni ufalme wenyewe: Bayeke bado wana mwami wao, na wapo wazee wa kusimulia jinsi Msiri alivyotoka Usumbwa, Tanzania ya leo, akifuata shaba, jinsi alivyomkatalia mkataba Mwingereza Sharpe mwaka 1890, kisha akaikataa bendera ya Leopold aliyoletewa na Stairs. Hata hili neno ikulu lina asili ya Unyamwezi, jirani na kwao Msiri.

Jioni ile nilimtolea mtoto msalaba wa shaba alioniachia babu, wa aina iliyolipiwa mahari zamani. Aliupima uzito mkononi, akapitisha kidole kwenye ncha zake nne zilizokwaruzika, akaniuliza, "Uliyeyushwa wapi?" Swali hilo ndilo alilopaswa kwenda nalo Bunkeya!

Basi watoto wapitishwe kwanza kwenye jumba la makumbusho hapa mjini. Atangulie mtu kuomba ruhusa kwa mwami, maana kule ni nyumbani kwa watu. Na kwa mvua za Desemba, afadhali walale Likasi waondoke alfajiri.

Msalaba wa babu niko tayari kuuleta darasani, kwa shule yoyote itakayoniita.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Kamalondo, Lubumbashi