Wanataka mshahara wangu wa nini?

Mhariri,

Ile taarifa yenu ya wiki jana kuhusu tovuti zinazokusanya habari za watu mliimaliza kwa kutushauri wananchi tuwe waangalifu. Nimekuwa msomaji wa gazeti hili tangu nilipokuwa mwalimu kijana Vihiga, na sijawahi kuwaandikia. Ushauri huo umenichokoza. Mwananchi atakuwa mwangalifu vipi ilhali mlango anaoutaka haufunguki mpaka avuliwe nguo?

Binti yangu alipata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Maseno, lakini nafasi ya hosteli akakosa. Nikaingia kwenye tovuti moja ya vyumba vya kupanga. Kabla ya kunionyesha chumba hata kimoja, ilitaka jina langu kamili, nambari ya simu, nambari ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, mshahara, na jina la atakayekaa chumbani. Kila sehemu ilikuwa na kinyota chekundu. Ukiruka moja, hupiti. Chini kulikuwa na kitufe kikubwa cha kijani cha kukubali, na kando yake maandishi madogo ya kijivu ya kukupeleka kwenye sera ya faragha. Niliisoma yote. Nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote, na humo sikuona jina la hata mmoja wa hao wanaowaita washirika wao, wala muda ambao habari zangu zingehifadhiwa. Chuo kilikuwa karibu kufunguliwa. Nikajaza.

Wiki haikuisha kabla simu kuanza kulia. Huyu wa mikopo, yule wa kamari, mwingine wa viwanja. Hao niliwakatia. Kisha akapiga mwanamume mmoja, akanisalimu kwa heshima zote, akamtaja binti yangu kwa majina yake mawili na kusema chumba chake kiko tayari, nitume pesa za kukishikilia kabla ya jioni. Alijua tunatafuta cha bei gani. Alijua ni msichana na kwamba ataishi peke yake. Mhariri, mwanamume nisiyemjua anajua mtoto wangu anaitwa nani na anatafuta kulala wapi! Nilipomuuliza amezitoa wapi habari hizo, akakata simu. Mama yake binti hakupata usingizi usiku ule. Tuliacha kabisa habari ya kupanga, tukamweka kwa jamaa zetu huku mjini, na sasa anapanda matatu kila alfajiri kwenda masomoni, giza bado halijaondoka. Nauli hiyo nailipa mimi, na hofu hiyo tunaibeba sisi. Nilipowapigia wenye tovuti, aliyepokea alinijibu kwa sauti ya kuchoka, "Lakini mzee, ulikubali masharti."

Nilikubali nini? Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini iwe ya hiari na ya wazi, kwa jambo mahususi, na anayeitoa awe anaelewa anachokubali. Inamtwika mwenye tovuti mzigo wa kuthibitisha kwamba idhini ilitolewa. Inamtaka achukue tu kile ambacho kazi yenyewe inahitaji, na mimi sijaona mshahara wangu unahitajika wapi ili nitazame picha ya chumba. Inanipa haki ya kuuliza wana nini juu yangu na kukataa habari zangu zisitumike. Zikivuja, Kamishna wa Data, msimamizi wa sheria hiyo, aarifiwe ndani ya saa 72. Na kabla ya sheria hiyo, Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 ilikwisha kusema mtu asidaiwe habari za familia yake pasipo sababu.

Meno yapo. Mwaka 2023 Kamishna Immaculate Kassait aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Nataka meno hayo yaume na huku, kwa hizi tovuti za vyumba na za kazi zinazowinda watu wenye shida.

Na Kamishna akienda kuzikagua, apite pia kwenye malango ya majengo ya hapa mjini. Mlinzi anakupa daftari: jina, kitambulisho, simu, unamwona nani. Daftari liko wazi mezani na kila anayekuja nyuma yako anasoma waliotangulia. Msichana mmoja wa kanisani kwetu alisumbuliwa na ujumbe wa mwanamume aliyenakili nambari yake humo. Hili nalo ni usalama? Wa nani?

Ninachotaka ni hiki. Kila tovuti inayomwuliza Mkenya jina lake iandike kwa Kiswahili, juu kabisa ya fomu na kwa herufi kubwa kama za bei: tunachukua nini, cha nini, tutampa nani kwa jina lake, tutakifuta lini. Maandishi hayo wapewe kwanza watoto wa Gredi ya Sita wa shule yoyote ya mtaa wa Nyalenda hapa Kisumu. Wasipoyaelewa, fomu isifunguliwe. Malangoni, kila mgeni apewe karatasi yake, aitumbukize katika sanduku lenye kufuli, na karatasi zote zichomwe kila Ijumaa mbele ya msimamizi wa jengo. Naomba ofisi ya Kamishna ijibu kupitia ukurasa huu, itaje tarehe ya kuanza.

Jina langu lihifadhiwe.

Mwalimu mstaafu,
Kondele, Kisumu.