Tujue sangara wachanga wanazaliwa wapi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalohusu uvuvi wa Ziwa Victoria, nikianzia mbali, kwenye maji baridi ya Aisilandi na Greenland, ambako wataalamu wametumia miaka mingi kutafuta mahali wanapozaliwa chewa wachanga. Simsemi chewa wa miambani anayevuliwa Mombasa, bali yule wa Atlantiki ya kaskazini.

Chewa jike hutaga mayai kwa mamilioni, nayo huelea na kuchukuliwa na mikondo, hata samaki anayekulia pwani moja huenda alitagwa mamia ya kilomita kutoka hapo. Mwaka 1973 na tena 1984, makinda wengi wa Aisilandi walichukuliwa na maji hadi Greenland, na walipokomaa wengi wakarudi kutaga kwao.

Mojawapo ya njia za kuyajua haya ni kijiwe cha sikio, kilichomo ndani ya kichwa cha samaki. Kijiwe hicho huongezeka tabaka juu ya tabaka, na kiini chake, kilichojengwa samaki alipokuwa mchanga kabisa, huhifadhi alama za madini ya maji aliyozaliwa, kama strontiamu na bariamu, wala alama hizo hazifutiki maisha yake yote. Mtaalamu hukikata, hukipima kiini kwa mwale wa leza, kisha hulinganisha na vijiwe vya makinda waliovuliwa kwenye mazalio yanayojulikana. Vinasaba navyo humsaidia.

Sisi huku sangara, au mputa, tunamhukumu kwa rula: akiwa chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Siipingi sheria hiyo, ingawa nimeona mitumbwi ikichomwa moto mwaloni na familia zikibaki bila riziki. Lakini rula haisemi ni ghuba ipi inayotulishia ziwa. Uganda ina takriban asilimia 43 ya ziwa hili, Tanzania 51, Kenya 6, na samaki hawajui mpaka. Ikiwa makinda wanaokulia kwetu wametagwa kwa majirani, au wa kwetu ndio wanaojaza nyavu zao, basi kufunga maji yasivuliwe bila kujua hilo ni kuwatesa wavuvi pasipo hakika ya faida. Kufunga kuna gharama kubwa: Kanada iliposimamisha uvuvi wa chewa Julai 1992, watu wapatao 30,000 walipoteza kazi.

Kwa hiyo naiomba taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi iliyoko Jinja ikusanye vijiwe vya sangara kutoka mialo ya nchi zote tatu. Vifaa vya kuvipima ni ghali, lakini vijiwe vyenyewe tunavyo. Mimi huuza vichwa vya sangara vinavyotoka kwenye viwanda vya minofu, na katika kila kichwa vimo. Viwanda vikikubali kuandika jina la mwalo alikoshushwa kila samaki, vijiwe vya vichwa vyangu nitavitoa bure.

Muuza samaki,
Jinja