Barua kwa mwanangu: kambare wa Memphis jikoni kwako Columbus

Neema mama yangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, hii wiki ya pili sasa, nimeamua kuitikia mwenyewe niendelee na yangu.

Mama yako kaniambia Ijumaa ulitoka zamu umechoka ukaagiza samaki kwa simu, vipande viwili na chipsi, ukajumlisha delivari na tip ikafika karibu dola 25, na samaki mwenyewe kaja kalegea kama tambara la kudekia. Sikugombezi, hela unaitafuta mwenyewe, ila wewe umekulia Memphis, samaki wa unga wa mahindi umemla tangu huna meno ya mbele, iweje leo ulie na samaki wa kwenye boksi?

Unamkumbuka yule bibi wa mlango wa pili tuliyekuwa tunamwita Miss tu? Ndio aliyenifundisha. Mimi nilitoka Mwanza najua samaki ni sato, unamkaanga mzima au unamuunga na nyanya basi. Kambare nilikuwa namwona samaki wa tope. Kufika huku Marekani nakuta kambare ndio mwenyewe, kanisani Ijumaa kambare, msibani kambare, na wengi wao sio wa mtoni, wanafugwa kwenye mabwawa kule Delta ya Mississippi, wanalishwa chakula kinachoelea juu ya maji, ndio maana hana ile harufu ya matope niliyoizoea. Alafu anavingirishwa kwenye unga wa mahindi! Nikamwambia Miss, sisi unga huo tunasongea ugali. Akanitazama akasema wazee wake enzi za utumwa walikuwa wanapimiwa mahindi na nyama ya nguruwe, sasa ulitaka samaki wampakae nini. Nikanyamaza.

Mara ya kwanza nilipojaribu mwenyewe niliharibu. Nilinunua boksi lina picha ya mahindi nikajua unga, kumbe ule mchanganyiko wa vikeki vya mahindi, una sukari ndani, samaki akatoka mtamu kama andazi. Wewe tu ndio ulimmaliza. Kwahiyo ukienda dukani soma nyuma ya mfuko, iandikwe mahindi tu, sukari isiwepo.

Sasa sikiliza. Asubuhi kabla hujatoka toa vipande viwili kwenye friza uviweke kwenye friji chini, ndani ya bakuli, visiyeyukie juu ya meza. Kambare akiwa bei juu chukua whiting wa mfuko, samaki mweupe wa baharini, huku Kusini mwa Marekani watu wanamkaanga sana na mara nyingi bei yake iko chini, au hata tilapia, sato yule yule. Ukirudi jioni washa oveni 425 za Farenhaiti, kile kikaango kizito cha chuma kiweke humo humo kipate moto na oveni, chenye mpini wa plastiki usithubutu.

Wakati kinapata moto futa samaki maji. Hapa ndipo watu wote wanapokosea, hata mimi, siku ile alamu ya moshi ililia jengo zima likatoka nje na mataulo ni kwa sababu nilitumbukiza samaki amelowa kwenye mafuta ya moto yakaruka mpaka kwenye jiko. Chukua tishu za jikoni, kandamiza juu, geuza, kandamiza tena, mpaka tishu itoke kavu. Mkavu ndio anakuwa krispi, mwenye maji anachemka tu ndani ya unga wake.

Alafu mpake haradali ya njano, ile ya kuwekea hotidogi, kijiko kimoja vipande vyote, upake na vidole. Usiogope, akiiva huisikii kabisa, kazi yake ni kushika unga. Kwenye sahani changanya nusu kikombe cha unga wa mahindi, pilipili manga, paprika, unga wa kitunguu saumu na pilipili kali kidogo. Chumvi nusu kijiko cha chai, lakini kama unatumia vile viungo vya Louisiana vya kwenye kopo usiongeze chumvi hata punje, vimeshajaa chumvi, mimi na presha yangu nilijifunza kwa kukemewa na daktari. Gandamiza samaki kwenye unga pande zote, kung'uta.

Toa kikaango (shika na taulo NENE Neema, mpini nao ni wa moto), weka vijiko viwili vya mafuta, laza samaki, usikie ile chwaaa. Usipoisikia kikaango hakijapata moto. Rudisha ndani dakika 7, geuza mara moja tu, dakika 5 au 6 nyingine. Ukimchoma na uma akaachana vipande vipande vyeupe ndani, ameiva. Limao juu, hoti sosi ukitaka.

Mboga nayo unayo, collard greens zao ni sukuma wiki yetu hii hii. Miss alikuwa anaichemsha masaa na mfupa wa bata mzinga uliokaushwa kwa moshi, wewe huna masaa, ikunje kama sigara, katakata nyembamba, kaanga na kitunguu dakika 6. Nilimpelekea bakuli siku moja, akaionja, akaniuliza kwa upole kabisa kama jiko letu limeharibika. Ila bakuli lilirudi tupu.

Kunde za kopo pasha pembeni, zioshe kwanza kupunguza chumvi. Yote hiyo nusu saa tu, na unashiba mpaka kesho mchana.

Shangazi yako akija kukutembelea kambare usimpikie, Msabato yule, samaki asiye na magamba hagusi. Mpikie tilapia na mfuko umwonyeshe, manake hatakuamini.

Mfuko wa unga nilikuwekea kwenye begi la bluu siku unaondoka, chini ya masweta, kama mama yako hakuutoa akidhani nimesahau vitu vyangu. Angalia leo alafu unipigie, nipo macho mpaka saa tano.

Baba