Usimwambie Kesho

Leeds, Jumamosi usiku

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mwili wangu ni mzima, moyo uko nanyi wodini. Tangu uliponipigia Jumanne ukiwa umesimama kwenye korido, ukilia kwa sauti ya chini ili mwanao aliyelazwa asisikie, sijapata usingizi wa maana. Ulisema amekuuliza tena mtarudi nyumbani lini, nawe ukamjibu, "Kesho," kama ulivyomjibu wiki nzima.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Mwaka 1993 wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Mimi nilikuwa na miaka saba, nimelazwa hapo hapo Nairobi, usaha umeingia ndani ya mfupa wa paja. Miezi minne. Mama alikuja saa za kuona wagonjwa na uji kwenye chupa, akakaa, akanisimulia habari za nyumbani. Nikisinzia, anaondoka kimya kimya. Alifanya hivyo kwa huruma, asinione nikilia. Lakini mimi nilijifunza kutolala. Nilikamata ncha ya leso yake, nikaizungusha kidoleni, nikalazimisha macho yabaki wazi. Maumivu ya mguu nimeyasahau. Kuamka na kukuta kidole kitupu, hilo sijalisahau.

Ndiyo maana nakuomba, usimwambie kesho. Mwambie: "Siku siijui. Damu yako ina ugonjwa na dawa inahitaji muda. Daktari akinieleza, nitakuambia." Ana miaka sita, ataelewa. Ukitoka kwenda kuoga au kununua maziwa, muage hata kama atalia, umwambie utarudi baada ya nini: baada ya chakula cha mchana, au sista wa zamu ya usiku akishaingia. Saa hajui kuisoma, lakini chakula anakijua. Kisha urudi wakati huo huo.

Sindano nazo ni vivyo hivyo. Ile ya mgongoni, mwambie asubuhi yake, si siku tatu kabla, akaanza kukesha akiiwaza. "Itauma, kisha itaisha. Kulia ni ruhusa, ila usijitikise." Ile ya mkononi, achague mwenyewe mkono. Kila kitu anaamuliwa na watu wazima siku hizi. Hicho kimoja kwake ni kikubwa. Muulize sista pia kama anaweza kuchomwa chumba kingine, ili kitandani pabaki mahali pasipo na maumivu.

Jana aliniuliza kwa simu, "Mjomba, ni kwa sababu nilicheza kwenye mvua?" Nilishindwa kumeza mate. Tafadhali mwambie, na urudie tena na tena: saratani ya damu haikuletwa na mvua wala utundu, na dadake hawezi kuipata kwa kumkumbatia. Watoto wa umri wake hudhani ugonjwa ni adhabu. Na ukali unaokuumiza, anapotupa sahani kisha anadai chapati saa nane za usiku, ni zile tembe za prednisoloni. Zinaleta njaa na hasira, zinavimbisha uso. Mwanao ni yule yule.

Daktari alikuambia matibabu ni miaka miwili hadi mitatu. Mwezi wa kwanza wa matibabu ukienda vizuri ataanza kucheza, baadaye nywele zitaota, na majirani watasema amepona, mbona bado mnahangaika? Hapo ndipo ninapopaogopa. Huku Uingereza, zaidi ya watoto wanane kati ya kumi wenye saratani kama yake hupona. Kwetu wengi tunawapoteza kwa kuchelewa kugunduliwa, au kwa sababu dawa ziliachwa katikati, pengine kwa kukosa nauli tu. Nauli ya Kayole hadi hospitalini ni juu yangu mpaka dozi ya mwisho. Nitatuma kwa M-Pesa kila tarehe 2. Hakikisha malipo ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, yako sawa. Nunua kipimajoto, na siku atakayokuwa nyumbani joto likafika 38, usingoje kupambazuke. Kinga yake itakuwa chini, mpeleke usiku huo huo.

Shemeji awakusanye vijana wa kanisani wakatoe damu. Atahitaji kuongezwa, na si mara moja.

Shangazi wa Kitengela ameniambia yuko tayari kulala hapo kila Jumamosi. Mkubalie, ndugu yangu. Muage kijana, mwambie utarudi baada ya uji wa Jumapili asubuhi, nenda nyumbani ukalale na umsuke binti yako nywele. Naye ana siku nyingi hajakuona.

Nitapiga simu kila Jumapili saa moja jioni ya huko. Mpe simu yeye kwanza. Nimemwahidi kumweleza theluji inavyokuwa mkononi, na sitaki angoje.

Kaka yako