Tangazo la upasuaji wa urembo liwe na jina la daktari

Mhariri,

Kila mara habari ya mwanamke aliyefariki au kupata ulemavu baada ya upasuaji wa urembo hapa Nairobi inapochapishwa, kurasa za maoni hujaa kejeli. Msiba wa kujitakia hauambiwi pole, wasomaji huandika. Eti Mungu alimuumba vizuri, yeye akaona haitoshi. (Baadhi ya wanaume wanaocheka hivyo husafiri hadi Istanbul kupandikizwa nywele, na hakuna anayewahubiria.) Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi katika wodi ya walioungua, nikiwasaidia wapasuaji wa plastiki, fani inayotengeneza upya ngozi na viungo vilivyoharibika na ambayo upasuaji wa urembo ni tawi lake, na naona tunamuuliza mtu asiye na jibu. Wa kuulizwa ni aliyeshika kisu. Wa pili ni nyinyi wenye magazeti, mnaochapisha matangazo yake bila kumtaja.

Hebu tazama kurasa zako za matangazo. Utaona picha mbili za kiuno, moja "kabla" na nyingine "baada", bei iliyopunguzwa hadi mwisho wa mwezi, jengo fulani Kilimani au Westlands, na nambari ya simu. Daktari hatajwi. Fundi wa kuchomelea mageti Gikomba huandika jina lake ukutani, lakini mtu atakayekulaza kwa nusukaputi na kukutoboa tumbo hujificha nyuma ya jina la kliniki lenye maneno kama "urembo" na "umbo jipya".

Kunyonya mafuta tumboni na kuyadunga kwenye makalio huonekana kazi nyepesi kwa kuwa mara nyingi mgonjwa huingia asubuhi na jioni yuko kwake. Si nyepesi hata kidogo. Ncha ya mrija unaonyonya mafuta haionekani. Daktari huifuata kwa mkono wa pili ulio juu ya ngozi. Ikienda ndani kupita kiasi hutoboa utumbo, na maumivu makali huja mgonjwa akiwa tayari nyumbani. Kwenye makalio hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu ndani ya msuli kuna mishipa minene ya damu. Mafuta yakiingia humo husafiri hadi moyoni na kwenye mapafu, na mtu anaweza kukata roho akiwa bado kitandani. Mwaka 2018 vyama vya kimataifa vya wapasuaji hawa vilitoa onyo la pamoja kwamba vifo huenda vikafika kimoja katika kila upasuaji 3,000 wa aina hiyo, kiwango kisicho na mfano katika upasuaji wa urembo. Vilisisitiza kwamba mafuta yasidungwe ndani ya msuli, yaishie chini ya ngozi. Anayejua fani anajua hivyo. Je, aliyejifunza kwa video atajuaje?

Nasema hivi bila kuidharau kazi yenyewe. Amref, shirika tunalolijua kwa ndege za madaktari, lilianzishwa mwaka 1957 na wapasuaji watatu wa fani hii hii. Michael Wood alikuwa akifanya kazi hapa Nairobi. Archibald McIndoe alipata sifa Uingereza kwa kutengeneza upya nyuso na mikono ya marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia. Tom Rees alikuwa daktari wa New York, na kule kwao wateja wake wengi walikuwa matajiri waliotaka kuondoa mikunjo usoni. Kwa hiyo urembo na tiba vimekaa nyumba moja tangu zamani, na wanaodai kwamba fani nzima ni anasa ya matajiri wa Karen na Runda hawajawahi kuingia wodini kwetu.

Wangeingia wangemwona mtoto aliyemwagikiwa chai ya moto shingoni, kidonda kikaachwa kipone chenyewe, kovu likavuta kidevu hadi kikagusana na kifua. Mdomo haufungi, mate yanachuruzika mchana kutwa. Daktari hulikata kovu hadi shingo inyooke, kisha huchuna ngozi nyembamba pajani na kuitandaza pale palipobaki wazi. Siku tano hatugusi bandeji. Siku ya kufungua tunailowesha kwanza kwa maji ya chumvi, tunaibandua kidogo kidogo, maana ukivuta kwa pupa utaondoka na ngozi yenyewe. Ikiwa na rangi ya waridi, imeshika, na mama mtu huanza kulia kabla hatujasema neno. Gesi ilipolipuka Embakasi mwanzoni mwa Februari 2024, ni ujuzi wa aina hiyo uliohitajika.

Ujuzi huo husomewa kwa miaka kadhaa baada ya shahada ya kwanza ya udaktari. Si kila mwenye leseni ya udaktari anao, na kibali cha biashara kutoka kaunti hakimgeuzi mtu kuwa mpasuaji. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, lina orodha ya waliosajiliwa kwenye tovuti yake, na mtu yeyote anaweza kutafuta jina. Shida ni kwamba hakuna jina la kutafuta.

Halafu kuna hii aibu mnayoipalilia. Mwanamke anayejua atachekwa huenda peke yake. Mumewe ameambiwa kuna semina Naivasha. Siku ya tatu homa inapanda, tumbo limekuwa gumu, naye anameza Panadol na kungoja, maana akienda hospitali kubwa itabidi aeleze alikotoka. Tumewapokea watu wa namna hiyo, wakiwa wamechelewa mno.

Oktoba 2024, baada ya kifo kilichozua mjadala nchi nzima, KMPDC ilifunga kliniki iliyohusika. Ilifanya vyema, ila hiyo ni hatua ya baada ya mazishi. Hatua ya kabla iko mezani pako, Mhariri. Tangazo lolote la upasuaji lisipokelewe bila jina la daktari atakayepasua, nambari yake ya usajili na fani aliyosajiliwa nayo. Msomaji aelezwe pia ni nani atakayempa dawa ya usingizi, na mambo yakiharibika atakimbizwa hospitali gani yenye chumba cha wagonjwa mahututi. Kuhakikisha nambari hakuchukui muda mrefu kuliko kusahihisha tahajia ya tangazo lenyewe.

Najua matangazo ndiyo yanayolipa mishahara ya waandishi wako, na kliniki hizi hulipa vizuri. Mpasuaji wa kweli hataona taabu kuandika jina lake. Karani wako akinyimwa jina, arudishe pesa.

Muuguzi mstaafu,
South B, Nairobi