Barua ya Malalamiko: Makocha Watano kwa Misimu Miwili

Ngamiani, Tanga
14 Agosti 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni inayomiliki timu yetu,
Tanga.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UAJIRI WA MAKOCHA NA MATUMIZI YA FEDHA ZA TIMU

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi ni mwanachama wa timu hii tangu enzi za kuchangishana nauli, na nilikuwa mweka hazina wake kwa miaka tisa kabla ya kampuni yenu kuichukua. Siombi kazi wala kurudishiwa cheo. Ninalalamika kwa sababu katika misimu miwili mmeajiri makocha watano, mmetumia fedha ambazo sisi hatukuwahi kuziona hata kwa macho, na timu imeshuka daraja mara mbili mfululizo. Sasa hivi tunajiandaa kucheza ligi ya mkoa.

Kwenye mkutano wa wanachama mwezi uliopita niliuliza swali hilihili. Mwakilishi wenu alisimama akanijibu kwa kifupi kwamba hata Manchester United wanafukuza makocha. Ukumbi ukanyamaza, maana nusu ya watu mle ndani ni mashabiki wa Manchester United, akaendelea na ajenda nyingine. Usiku ule sikupata usingizi. Ni kweli wanafukuza. Lakini mfano mmeuleta ninyi, basi naomba tuusome mpaka ukurasa wa mwisho.

Alex Ferguson aliajiriwa kuwa kocha wao Novemba 1986. Kombe lake la kwanza, la FA, alilipata mwaka 1990, na msimu huohuo kwenye ligi alimaliza nafasi ya 13. Mashabiki walishaanza kudai aondoke. Viongozi wakamwacha afanye kazi. Mpaka anastaafu Mei 2013 alikuwa amechukua ubingwa wa ligi mara 13. Sisemi kila kocha ni Ferguson. Ninasema hakuna ambaye angejua kwamba yeye ni Ferguson kama angepewa mechi sita kama mlivyompa kocha wetu wa kwanza, kijana wa hapahapa Tanga, ambaye mlimwondoa tukiwa nafasi ya nne.

Na mkisoma kilichotokea baada ya hapo mtajiona wenyewe. Mwaka 2013 Ferguson aliondoka pamoja na mtendaji mkuu David Gill. Vichwa viwili vilivyoijua timu vikatoka kwa mkupuo mmoja. Nafasi ya Gill akapewa Ed Woodward, mtu aliyetokea benki, hodari wa kutafuta wadhamini. David Moyes akapewa mkataba wa miaka sita, akaja na wasaidizi wake, na wale waliokuwa wakikaa na Ferguson mazoezini kila siku wakaondoka. Ile miaka sita ikawa miezi kumi. Akaja Van Gaal anayetaka mpira ukae mguuni, akafuata Mourinho anayetaka kukaba kwanza ndipo ashambulie, kisha Solskjaer, kisha Rangnick wa kushikilia kwa muda, kisha Ten Hag, kisha Amorim na mabeki wake watatu wa kati. Kila mmoja alikuta kikosi kilichonunuliwa kwa ajili ya mpira wa mwenzake.

Fedha hazikuwa tatizo lao hata siku moja. Ángel Di María alinunuliwa kwa karibu pauni milioni 60 mwaka 2014, rekodi ya Uingereza wakati ule, na baada ya msimu mmoja akauzwa kwa hasara. Paul Pogba waliwahi kumwacha aende Juventus akiwa kijana mwaka 2012, wakamrudisha 2016 kwa pauni milioni 89, rekodi ya dunia, na mwaka 2022 akaondoka bure mkataba ulipokwisha. Harry Maguire, pauni milioni 80. Antony alifuatwa Ajax kwa bei kubwa kuliko hiyo kwa sababu kocha Ten Hag alimfahamu huko, na mwezi Januari mwaka huu walimtoa kwa mkopo kwenda Hispania.

Kumfukuza Mourinho na wasaidizi wake Desemba 2018 kuliwagharimu pauni milioni 19.6. Mwaka jana, Julai, walimwongezea Ten Hag mkataba, na Oktoba wakamfukuza. Dan Ashworth, mkurugenzi wa michezo waliyemsubiri kwa miezi, alikaa miezi mitano tu. Hawa wawili pamoja na benchi la Ten Hag walilipwa fidia ya pauni milioni 14.5. Msimu wa 2024/25 timu ikamaliza nafasi ya 15 kwa pointi 42, haijawahi kuwa chini hivyo tangu iliposhuka daraja mwaka 1974.

Unajua nani aliyelipia? Wafanyakazi wa kawaida. Wapatao 250 walipunguzwa kazi mwaka 2024, mwaka huu wakatangaziwa punguzo jingine, na waliobaki wakaondolewa hata chakula cha mchana walichokuwa wakipewa bure. Hiyo ndiyo sehemu iliyonikosesha usingizi, maana kwetu hapa imetokea vilevile.

Mtunza vifaa wetu alikuwa na timu kwa miaka mingi kuliko mwanachama yeyote aliye hai. Alikuwa na daftari la kaunta lenye jalada jekundu. Ndani, kwa penseli, ameandika namba ya mguu ya kila mchezaji tangu vijana wadogo, na pembeni alama ndogo: huyu mguu wa kulia ni mkubwa, huyu ana kidole kilichovunjika apewe njumu pana, huyu asivae za chuma. Glovu za kipa zikichanika alikuwa anazishona kwa uzi wa mshipi, na ninakuhakikishia zilidumu. Kocha wa pili alipokuja na watu wake, mtunza vifaa akaambiwa hahitajiki, kwamba kampuni inabana matumizi. Wiki ileile mlisajili mshambuliaji kutoka nje ya nchi na kumpangia nyumba Raskazone. Alicheza mechi nne akaumia goti. Mzee wa watu aliniletea daftari lake nyumbani jioni, akaliweka juu ya meza, akasema, "Mweka hazina, hili usilitupe." Hakukaa hata kunywa chai.

Kocha wa pili alikuja na wachezaji wanane wa wakala mmoja. Wa tatu hakuwataka. Akaomba mawinga, akasajiliwa viungo. Wa nne alilipwa zaidi ya wote na sikumsikia hata siku moja akimwita kijana wetu kwa jina. Alipoondoka mkavunja mkataba wake, na kwa taarifa mliyotusomea ninyi wenyewe, fedha za kuvunja mikataba zilizidi posho za vijana za msimu mzima. Nilikuwa mweka hazina. Najua maana ya kuona safu mbili za tarakimu zikikaa jirani namna hiyo.

Siku ya kwanza ya kocha wa tano nilikuwepo uwanjani. Zilikuwa zimebaki mechi saba. Aliwakusanya wachezaji chini ya mwarobaini kwa sababu jua lilikuwa limeshapanda, akauliza, "Namba sita ni nani?" yaani kiungo mkabaji. Wakanyoosha mkono watatu, kila mmoja amesajiliwa na kocha wake. Akauliza, "Namba tatu?" yaani beki wa kushoto. Hakuna mkono ulionyooshwa. Akarudia. Mwisho kijana mmoja wa miaka kumi na minane, anayetembea kwa miguu kutoka Mikanjuni kuja mazoezini, akasema yeye ni winga lakini atajaribu. Yule kocha alimtazama, akainamisha kichwa, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Mpaka ligi inakwisha yule mtoto alicheza beki wa kushoto. Mabao mengi tuliyofungwa yalipita upande wake, na jukwaani watu walimtukana. Hakuwa na kosa. Kosa lilifanyika ofisini kwenu, dirisha kubwa na dirisha dogo, pale waliokaa kupanga usajili wote walikuwa watu wa mauzo na hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kukaa kwenye benchi.

Tanga hatuhitaji kufundishwa maana ya kuporomoka. Mji huu umetoa bingwa wa Tanzania, Coastal Union, mwaka 1988, na watu waliokuwa uwanjani Mkwakwani enzi hizo bado tunakunywa nao kahawa. Na mji huuhuu, msimu wa 2015/16, timu zake tatu za Ligi Kuu, Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, zilishuka zote kwa pamoja. Mkoa mzima ukabaki bila timu ya Ligi Kuu. Nakumbuka ukimya wa barazani siku zile, watu walikuwa wanakaa tu wanacheza bao bila kusemezana. Kwa hiyo kampuni yenu ilipokuja kututaka tuikabidhi timu, tulikubali kwa sababu tuliogopa umaskini. Tuliamini kilichotukwamisha ni fedha. Nilipiga kura ya ndiyo kwa mkono wangu mwenyewe, na hilo nalibeba.

Basi malalamiko yangu, Ndugu Mkurugenzi, si kwamba mmetoa kidogo. Mmetoa nyingi, na mmezitoa kabla ya kuamua timu icheze mpira gani. Mkiajiri kocha kabla ya kuwa na mtu wa ufundi wa kudumu, kila kocha anakuwa ndiye sera. Akiondoka anaondoka na sera yake, anatuachia wachezaji na madeni. Ng'ombe hanenepi siku ya mnada, na ninyi kila mkiona hatari mlikimbilia mnadani.

Ninaomba kocha huyu wa tano abaki. Amepoteza mechi, ndiyo, lakini timu hakuisajili yeye. Mpeni misimu miwili kamili, iandikwe kwenye mkataba wake, na juu yake muweke mkurugenzi wa ufundi ambaye kazi yake haitaondoka na kocha. Usajili wowote upite kwa hao wawili kabla haujafika kwa mtu wa mauzo. Vijana wetu wanadai posho za miezi mitatu. Zilipwe kabla hamjamsajili mchezaji yeyote mpya, maana sijui mtamtazamaje usoni yule mtoto wa Mikanjuni mkimleta mwingine wa kulala Raskazone. Na taarifa ya matumizi ya misimu hii miwili isomwe mbele ya wanachama, mstari kwa mstari: aliyelipwa, alicholipwa, na aliyeidhinisha. Mkataba tuliosaini unatupa haki hiyo na mpaka leo hamjaitimiza.

Jambo la mwisho ni dogo kwenu, kwangu ni kubwa. Mtunza vifaa arudishwe kazini, na aombwe radhi kwa maneno, ana kwa ana, na mtu mwenye cheo. Mshahara wake wa mwaka mzima haufiki kodi ya ile nyumba.

Ninasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Nikiyakosa, wanachama tutaitisha mkutano kwa mujibu wa katiba yetu na nitaisoma barua hii pale mbele ya watu wote. Mkikubali tuonane kabla ya hapo, niko tayari kuja ofisini siku yoyote asubuhi. Nitakuja na vitabu vya hesabu vya miaka yangu tisa, na lile daftari jekundu nitakuja nalo, kwa sababu msimu unaanza na bado kuna vijana ambao hakuna aliyewapima miguu.

Wako mwaminifu,

Mwanachama na mweka hazina wa zamani,
Tawi la Ngamiani.

Nakala: Mwenyekiti wa tawi, Kocha Mkuu.